Kaya ya Naibu Chifu

Mimi shule niliiacha darasa la nne, kwa hivyo mtu asiniwindie nukta na mikato. Makosa ninayoyaandika hapa si ya mwandiko. Yana wenyewe, na wenyewe nitawataja, ila kwa vyeo vyao. Jina mtu huchangia na watoto wake, na watoto hawakunikosea kitu. Cheo mtu hukivaa mwenyewe asubuhi na kukifunga vifungo.

Wa kwanza ni tajiri wa lori, wa Ukunda. Wa pili ni afisa wa mazingira, ambaye kosa lake lilikuwa neno moja. Wa tatu ni naibu chifu wetu, na huyu ndiye nitakayekaa naye sana, maana yeye hakukosea neno lolote. Aliyajua yote.

Kijiji chetu kiko upande wa Mkongani, chini ya mlima mdogo, na juu ya mlima iko Kaya. Kwa asiyekuwa wa huku, Kaya ni msitu wa wazee. Babu zetu walikaa humo zamani, wakazikwa humo, na tangu hapo hakukatwi mti wala hakuokotwi hata tawi kavu. Nimekulia chini ya msitu ule nikijua kwamba ukitia kuni za Kaya jikoni, ugali hauivi. Tajiri wa lori hakuwa akila ugali. Alikuwa akiuza mbao za vitanda vya hoteli za Diani. Aliingia ukingoni mwa msitu kwa upande wa nyuma, na lori lake likajichimbia njia moja kwa moja kuteremka mlima. Naibu chifu alipoulizwa, alisema jambo hilo halijamfikia. Lori lilikuwa likipita mbele ya nyumba yake, na siku nyingine dereva alikuwa akishuka kunywa chai.

Halafu ikaja ile mvua kubwa ya mwishoni mwa miaka ya tisini. Redio iliiita El Niño. Jirani yangu, mama wa Kikamba aliyehamia huku na mumewe walipogawiwa ardhi ya serikali, aliiita Elinino, na aliitaja kama mwanamume fulani aliyewahi kumdhulumu. "Elinino alikula mahindi yangu," husema mpaka leo. "Elinino alibeba mbuzi wangu na kamba yake." Maji yaliikuta njia ya lori imelala wazi, hayakuulizia njia nyingine. Mvua ilipokwisha, njia ilikuwa imekuwa korongo, na korongo lilikuwa likielekea kwangu.

Mafuriko huja na kelele zake, yakaondoka. Korongo hukaa. Kila ikinyesha kidogo husogea, kama mgeni aliyekuja kwa chai akaanza kuuliza mnalala wapi. Lilianza na banda la kuku. Likafuata mpapai. Kisha likaporomosha ukuta wa choo, upande wa barabarani, ukabaki kimo cha magoti. Basi ikawa mimi nimechutama na kichwa changu kiko nje, na watu wa pwani hawawezi kukipita kichwa cha mtu bila kukiamkia.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba."

"Habari za tangu juzi?"

"Njema."

"Na watoto hawajambo?"

Wenye adabu zaidi walisimama kabisa, wakaweka mizigo chini.

Baada ya choo ni jiko, na baada ya jiko ni chumba nilimolala na wanangu wawili. Baada ya hapo hapakuwa na kitu. Mume wangu alikuwa mhudumu wa hoteli. Wageni walipokoma kuja Diani, na yeye akakoma kuja nyumbani. Udongo wa nyumba ile niliukanda kwa miguu yangu mwenyewe, juu ya kipande alichonipa mjomba wangu. Ikienda hiyo, sina pengine. Nilikuwa nikiamka naenda kuutazama ukingo wa korongo kabla sijanawa uso.

Ndipo tukasikia serikali imetoa fedha. Na hili nalisema kwa haki: zilitoka. Zilikuwa fedha za kuhifadhi Kaya na kupunguza umaskini wa watu waliokaa chini yake. Waya na nguzo za kuuzungushia msitu, lori lisiingie tena. Miche ya kurudisha miti iliyokatwa. Kazi ya kuziba korongo, na wa kuajiriwa ni sisi wenyewe. Aliyefikiria mpango ule simjui, lakini Mwenyezi Mungu amjaalie popote alipo, alifikiria vizuri. Haya yote nilikuja kuyajua baadaye. Wakati ule nilijua tu alichotueleza afisa, na afisa alitueleza mambo mengine kabisa.

Alikuwa kijana mpole wa bara, soksi zimevutwa mpaka magotini, Kiswahili chake cha vitabu kimenyooka kama rula. Na katika vitabu alivyosoma yeye, kaya ni watu wa nyumba moja, baba na mama na watoto na chungu chao. Kaya ya msituni hakupata kuisikia. Alikuwa amepewa mpango uitwao wa kuhifadhi kaya, na yeye akauteremsha kwetu kwa moyo safi, juu chini.

Baraza lilikutana kiwanjani kwa naibu chifu. Afisa akasimama.

"Serikali imekuja kuihifadhi kaya!"

Tukapiga makofi.

"Maana kaya zenu ni maskini sana."

Makofi yakapungua. Mjomba wangu, ambaye ni mmoja wa wazee wa Kaya na ambaye sikio lake la kushoto lilikuwa limeshastaafu, akanigeukia. "Kasemaje huyu?"

"Kasema Kaya yetu ni maskini, mjomba."

"Ameiamkia lini, hata akaijua hali yake?"

Afisa alimwona mzee anazungumza, akafurahi, akamwita mbele. Mjomba alikwenda na mkongojo wake na uso wa mtu aliyekuja kusikiliza mashtaka.

"Mzee wangu, kaya yako ina watu wangapi?"

"Walio juu ya ardhi, au walio chini?"

Afisa alimtazama naibu chifu. Naibu chifu alitazama mawingu.

"Wote," akasema afisa.

"Wote hawahesabiki."

"Na kaya inakula mara ngapi kwa siku?"

"Kwa siku?" Mjomba alicheka mpaka akashika mbavu. "Kaya hula mara moja kwa mwaka, mwanangu. Hula mbuzi mweusi. Mwaka jana hata huyo mbuzi hakupatikana, tukapeleka kuku."

"Kuku mmoja? Mwaka mzima?"

"Na alikuwa mdogo."

 Afisa aliuliza kwa sauti ya chini, kama mtu aliye msibani, "Na choo mnacho?"

Mjomba akajinyoosha wima. "Mtu akijisaidia Kaya huvimba!"

"Ni magonjwa hayo," akasema afisa kwa huruma. "Ni kwa sababu ya kukosa vyoo."

Hapo mimi sikuweza tena. Nikasimama, nikasema, "Bwana afisa, samahani, huyu mzee anazungumzia msi..."

"Bwana afisa," akadakia naibu chifu, akitabasamu kama sahani, "huyu mama naye ana shida ya choo. Sote tunaijua. Tunamwamkia kila siku."

Kiwanja kizima kiliangua kicheko. Hata jirani yangu Mkamba alicheka, akaniomba radhi jioni yake. Nikakaa chini, neno langu limebaki nusu mdomoni. Nataka ieleweke kwamba naibu chifu ni Mdigo kama mimi. Kaya ya vitabu aliijua, maana ana cheti. Kaya ya msitu aliijua, maana babu yake amezikwa humo. Na iko kaya ya tatu, ya lugha yetu wenyewe: sisi tukisema naenda kaya, maana yake naenda nyumbani kwangu. Katika watu wote waliokuwa pale, yeye peke yake ndiye aliyekuwa na kaya zote tatu kichwani, na alizipanga vizuri kama mtu anayepanga nguo sandukuni.

"Ushauri wangu," akamwambia afisa, "tusitawanye nguvu. Tuanze na kaya moja ya mfano. Wengine waje kujifunza."

"Kaya ya mfano!" akasema afisa. Alilipenda neno lile mno. Lilikuwa neno la vitabu.

Lori la serikali lilikuja siku chache kabla ya Ramadhani, likateremsha waya, nguzo na miche nyumbani kwa naibu chifu, ati kwa usalama. Tulisubiri tuitwe kazini, tukafunga saumu yetu tukisubiri. Ilipofika kumi la kati, jirani yangu akaja mbio akitokea dukani.

"Jirani, wanachimba mashimo ya nguzo!"

"Wapi? Kaya?"

"Sijui nyinyi mnaita nini. Mimi naona ni kwa naibu chifu."

Nilikwenda. Nguzo zilikuwa zimesimama kuizunguka nyumba yake, minazi yake, banda lake la mbuzi na shimo lake la takataka. Miche ya mbambakofi, mti wa msituni unaokua mpaka ukafunika jua, ilikuwa imepandwa mistari miwili kutoka langoni mpaka barazani. Yeye mwenyewe alikuwa kwenye kiti, akisimamia.

"Shikamoo, bwana naibu."

"Marahaba, binti yangu. Karibu."

"Waya huu si wa Kaya?"

"Ni wa kaya."

"Mbona uko hapa?"

"Binti yangu, wewe ni Mdigo. Jioni ukitoka hapa utakwenda wapi?"

"Nitakwenda kaya."

"Kaya ndiyo wapi?"

"Nyumbani."

"Basi mimi nahifadhi nini hapa?" Akafungua mikono kuonyesha nyumba, minazi na mbuzi. "Lugha yenu wenyewe mwaisahau?"

"Na korongo, bwana naibu? Masika yako mlangoni."

"Korongo liko kwako. Kaya ya mfano haina korongo." Kisha, kwa upole, "Lakini la choo tutaliangalia."

Nilirudi nimefunga na nimekasirika, na vyote viwili ni kiu.

Lililomponza ni kibao. Mradi ulileta kibao cha bati, kikubwa kama mlango, kimeandikwa tayari kwa rangi nyekundu: KAYA HII IMEHIFADHIWA. HAIRUHUSIWI KUKATA WALA KUTOA KITU CHOCHOTE. Angekitupa nyuma ya banda, leo nisingekuwa na cha kuandika. Lakini naibu chifu hawezi kuuacha ubao wa serikali ulale chini. Akaupigilia misumari langoni kwake, ukitazama barabara.

Jirani yangu alinisomea kibao kile tukipita, maana herufi zilikuwa kubwa na hasira zilinifunga macho. Tulipofika kwa mjomba kumpeleka uji wa kufuturu, akamwuliza, bila nia yoyote, "Mzee, hii kaya yenu mtu akiingia anafanya aje?"

Mjomba alipenda kuulizwa. "Huvua viatu. Huvua kofia. Hujifunga kaniki." Hiyo ni shuka nyeusi. "Hapigi kelele, hagombani. Haokoti kitu. Kilichomo Kaya hakitoki Kaya, hata kama ni tunda limeanguka lenyewe."

"Basi naibu chifu ameshaanza kukosea," akasema jirani. "Ameandika kwake ni Kaya, na jana nilimwona ameingia na buti."

Mjomba akaweka kikombe chini. "Ameandika nini?"

Nikamrudia, kwa sikio la kulia, neno kwa neno.

Nilidhani atatukana. Hakutukana. Aliuliza kama kuna anayeijua kaniki yake ilipo. Mjomba si mtu wa hila. Hajui mzaha na hajawahi kuufahamu. Yeye aliliona jambo lile hivi: ama pale ni Kaya, ama ni uwongo. Kama ni uwongo, mwenyewe atasema. Kama ni Kaya, inataka wazee wake.

Asubuhi ya pili ya Idi alijifunga kaniki, akachukua wazee wenzake wawili, wakaenda kuketi langoni kwa naibu chifu. Mimi na jirani tulifuata nyuma, tukasimama upande wa pili wa barabara. Wa kwanza kufika alikuwa naibu chifu mwenyewe, anarudi kutoka ofisini na kofia yake ya kaki na buti zake.

"Viatu," akasema mjomba.

"Mzee, hapa ni kwangu."

"Sisi hatujui kusoma. Tumeambiwa ubao unasema ni Kaya. Ubao ni wa serikali. Serikali inasema uwongo?"

Watu walikuwa wameshaanza kusimama. Mtu wa serikali hawezi kusema barabarani kwamba ubao wa serikali unasema uwongo, hasa ubao aliougongomea misumari mwenyewe. Alivua buti. Soksi zake zilikuwa na matundu, na kijiji kizima kiliyaona.

"Na kofia, mwanangu."

Kuanzia hapo mambo yalijiendesha yenyewe. Sijui nani aliamini na nani alikuwa akijifurahisha, na nadhani wengine hawakujua wenyewe. Kila aliyekwenda kwa naibu chifu kutafuta barua au muhuri alivua viatu langoni, akazungumza kwa kunong'ona. Yeye akifoka, wazee wanatikisa vichwa: Kaya haipigiwi kelele. Mkewe alitaka kuni za makuti makavu yaliyoanguka uani, mjomba akamwomba kwa heshima ayarudishe yalipoanguka.

"Nitapikia nini, mzee?"

"Kuni za nje, mwanangu. Za nje ni halali."

Yule mama alikuwa akinunua kuni kwa jirani yangu, huku amezungukwa na minazi yake mwenyewe.

Lakini kuni ni jambo dogo. Naibu chifu aliishi kwa nazi. Mkwezi alikuja siku yake ya kukwea, akakiona kibao, akawaona wazee, akafunga panga lake kiunoni. "Mimi nina watoto wadogo," akasema, "sikwei minazi ya Kaya." Nazi zikaanza kudondoka zenyewe. Mchuuzi wa Ukunda, aliyezoea kuzibeba kwa magunia, alisimamisha baiskeli nje ya waya, akazitazama kwa huzuni, akapiga kengele, akaondoka. Habari ilishafika Ukunda: nazi za pale ukizila unavimba tumbo. Mbuzi nao wakawa wafungwa. Wakitoka ni makosa, wakibaki wanakula miche ya serikali. Wakabaki. Mibambakofi ile, ambayo ingekuwa msitu wa wajukuu zetu, iliingia matumboni mwa mbuzi wa naibu chifu karibu yote, na hilo sicheki nikilikumbuka.

Mimi mwenyewe nilicheka mchana na asubuhi nikaenda kulitazama korongo. Mawingu yalikuwa yanaanza kukusanyika upande wa bahari. Jiko lilikuwa limepata ufa, na ufa ule ulikuwa umeanza kupitisha mwanga.

Naibu chifu alikuwa akimwoza binti yake, mwezi huo huo wa Mfunguo Mosi, kwa watu wa Msambweni. Harusi haikuweza kuahirishwa, pilau ilikuwa imeshatangazwa. Afisa wa mazingira alialikwa mgeni wa heshima, akaja na soksi zake. Alivuliwa viatu langoni akadhani ni mila ya harusi, akaisifu. Nikaha ilipita salama msikitini. Mchana magari mawili ya watu wa bwana harusi yakafika kumchukua bibi harusi, yamefungwa vitambaa, akina mama wanapiga vigelegele. Mbele kabisa alikuwamo bibi yake bwana harusi, kikongwe mdogo, mkali, buibui lake limekunjwa chini ya kwapa. Akashuka. Akaona wazee watatu wa kaniki kwenye mkeka. Vigelegele vyake vikakatika katikati.

"Hapa ni wapi?" akauliza.

"Kaya," akasema mjomba.

"Nimekuja harusini, nimeletwa Kaya?"

"Ubao unasema."

"Nisomeeni!"

Mmoja wa wasindikizaji akamsomea, na alipofika pale pa WALA KUTOA KITU CHOCHOTE, sauti ikampungua.

"Kitu chochote," akasema kikongwe. "Na bibi harusi yumo ndani?"

"Yumo," akasema mjomba kwa masikitiko ya kweli. "Na kilichomo Kaya hakitoki. Lakini kula mwaweza, pilau imepikwa kwa kuni za nje."

"Mjukuu wangu hatoi mke Kaya!" Kikongwe akapiga mguu chini. "Atanizalia nini mimi? Kima? Geuzeni magari!"

Ndani, bibi harusi, amepambwa piko mpaka viwikoni, aliangua kilio kilichosikika mpaka dukani. Mama yake akatoka mbio na mwiko mkononi. "Baba fulani!" akamwita mumewe, kwa sauti isiyokuwa ya Kaya kabisa. "Sema neno! Useme leo, au mimi nitasema!"

Naibu chifu akatoka na kanzu yake nyeupe, pekupeku. Aliwatazama wakwe. Akamtazama afisa, aliyekuwa na sinia la pilau mapajani. Nilimwona akitafuta kaya ya nne, isiyokuwapo.

"Hapa si Kaya," akasema.

"Sikusikia," akasema mjomba, na ni kweli, alikuwa upande wa sikio la kushoto.

"Hapa si Kaya! Ni nyumbani kwangu! Kaya iko kule juu, watu wote wanajua iko kule juu!" Na mkono wake ukauonyesha mlima.

Kila mtu aligeuka kuutazama msitu, hata wakwe. Afisa naye akatazama. Akauliza taratibu, tonge likiwa hewani, "Kule juu kuna nini?"

"Msitu," nikasema mimi. Safari hii nililimaliza neno langu. "Msitu wa wazee, bwana afisa. Ndio unaoitwa Kaya. Ndio unaokula kuku mmoja kwa mwaka."

Sijawahi kuona mtu akielewa polepole vile. Ilianzia kwenye nyusi, ikateremka mpaka kwenye soksi. Akauweka ule mkono wa pilau chini.

"Na wakubwa zangu," akasema, "wanakuja wiki ijayo kuikagua."

Mjomba hakumngojea. Alikuwa anazungumza na mwenye nyumba. "Kama si Kaya, ubao unaning'inia wa nini? Bibi huyu ataaminije?"

Basi naibu chifu, ndani ya kanzu ya harusi ya binti yake, aliing'oa misumari kwa kijiko cha kupakulia pilau, mmoja mmoja, na kibao kikaanguka chini kwa kishindo. Kikongwe akakikanyaga, akavuka lango, akapiga kigelegele kipya. Bibi harusi akatoka amefutwa wanja, akaenda zake Msambweni, na sasa ana watoto, na hakuna hata mmoja aliye kima.

Wiki ile afisa alifanya kazi kama punda, soksi zimeshuka. Waya uling'olewa kwa naibu chifu ukapelekwa juu, na njia ya lori ikafungwa. Uliobaki, na nguzo zilizobaki, tuliziteremsha korongoni, tukapanga mawe na matawi mbele yake. Wenye nyumba zilizo chini tulifanya wote, na waliocheka barazani pia. Jirani yangu alikuja na mumewe na jembe, akilitukana korongo kwa Kikamba, akiliita Elinino. Wakubwa walikuja, wakapiga picha, wakasema wameridhika. Miche ya kuwaonyesha haikuwapo. Wakaambiwa imeliwa na wanyama wa porini.

Masika yakaja. Jiko lilikwenda. Ilikuwa asubuhi, nilikuwa nimeshatoa sufuria, nililiona likiketi chini kama bibi aliyechoka, kisha likateleza. Halafu maji yakafika kwenye mawe yetu na waya, yakapiga, yakatafuta pa kupita, yakaacha mchanga, yakaacha matawi, yakaacha kofia moja ya kaki ambayo mpaka leo sijui ilifikaje. Ufa haukuja chumbani. Nililala na wanangu humo msimu mzima, na humo ndimo ninamoandikia haya.

Mwaka uliofuata naibu chifu alipandishwa cheo, akawa chifu. Ilisemwa ni kwa ajili ya kazi nzuri ya mazingira. Tajiri wa lori hakuulizwa neno. Alihamisha lori lake upande mwingine. Nimewaambia nitawataja.

Kibao nilikichukua mimi. Hakuna aliyekitaka, na kilikuwa bati zuri. Nilipochimba choo kipya, mbali na korongo, nilikifanya mlango, maandishi yakiwa nje. Sasa watu wakipita hawaniamkii tena. Ni mjomba tu, siku ya kwanza alipokuja kukitumia, aliyesimama mbele ya mlango ule muda mrefu.

"Huu ni ule ubao?" akauliza.

"Ndio wenyewe, mjomba."

Akafikiri. Kisha akainama, akavua viatu.